Walimu Waliotufunza Kusikiliza

Tulimzika Mwalimu Desmond mwezi uliopita. Ibada ilikuwa katika kanisa moja la Scarborough, pembezoni mwa Toronto, lile lililojificha nyuma ya safu ya maduka, na mimi nilikaa benchi za nyuma nimekaza taya kama mtu anayeumwa jino. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine kumsifu. Mmoja alisema marehemu alikuwa sauti ya wanafunzi wasio na sauti. Mama mmoja mwenye kofia ya zambarau akasema hajapata kuona mwalimu jasiri kama yule, na kanisa zima likaitikia. Binti wa marehemu, ambaye alinitambua tangu mlangoni, alinijia akaninong'oneza: "Siwema, baba alikuwa akikutaja sana, wewe na yule mwenzako. Nenda kaseme neno." Nikamwambia koo limenikauka, na haikuwa uongo. Nilikaa pale nikaimba nyimbo walizoimba, nikala sambusa na keki walizoandaa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, nikampa binti pole, nikapanda basi kurudi nyumbani. Njia nzima niligombana na maiti.

Jioni ile Losa alinipigia simu kutoka Auckland, kwake ikiwa tayari ni kesho yake mchana. Alikuwa analia. Yeye, ambaye ndiye aliyetendwa, alikuwa anamlilia mwalimu wetu kwa kwikwi kama mtoto. Alitaka kujua kama waliokuja walikuwa wengi, walivaa nini, nani alihubiri. Kisha akauliza, "Na wewe ulisema nini?" Nikamjibu, "Sikusema kitu." Akapenga kamasi. "Siwema. Bado tu?" Nikasema, "Bado." Akacheka huku machozi yakimtoka, kicheko chake kilekile cha zamani, na mimi nikazidi kukasirika. Mwenye kidonda amekwisha kupona. Mimi niliyekuwa nikimfukuzia nzi ndiye ninayeugua. Ndiyo maana nimekaa kuandika habari za mwaka ule, mwaka tuliosomea unasihi, katikati ya miaka ya tisini, Toronto, kabla nywele zangu hazijaingia mvi.

Chuo sitakitaja. Kilikuwa jengo la matofali lenye lifti iliyonuka supu, na darasa letu lilikuwa ghorofa ya juu: zulia la rangi ya uji, viti vimepangwa duara, na katikati ya duara, chini kabisa, boksi la tishu. Boksi lile lilinitisha tangu siku ya kwanza. Liliwekwa pale kama bakuli la sadaka, ukajua kuna kitu unatakiwa kutoa. Mwalimu wetu mkuu aliingia na kikombe chake cha chai, mwanamke mrefu mwenye shanga kubwa za mbao shingoni, mwenye shahada zake zote za udaktari, akavua viatu, akakunja miguu juu ya kiti, akasema: "Niiteni Carol. Hapa ndani hakuna ngazi." Wenzetu wakatabasamu. Mimi nilitazama upande wa pili wa duara na macho yangu yakagongana na ya mwanamke mmoja mnene, mtulivu, mwenye nywele nyeusi alizozifunga kisogoni. Naye alikuwa ananitazama mimi. Wakati wa mapumziko alinifuata kwenye mashine ya kahawa. "Wewe utaweza?" akaniuliza. Hakuhitaji kueleza kuweza nini. "Siwezi," nikamwambia. Akapumua kwa nguvu. "Mimi nikimwita mwalimu wangu jina kavukavu hivyo, mama yangu atasikia kutoka Apia." Huyo ndiye Losa, Msamoa, mtu wa visiwa vya Pasifiki. Nami nikamwambia kwetu Tanga mambo ni hayohayo, na tukacheka mpaka tukachelewa kurudi darasani. Kuanzia siku ile sote wawili tulimwita Dokta. Katika tathmini yetu ya kwanza aliandika kwamba tunajenga kizuizi kati yetu na yeye.

Yeye naye majina yetu yalimshinda. Losa alikuwa Lisa, mimi nilikuwa mara Suema, mara Seema, na baada ya muda akaona heri aninyooshee mkono tu. Sisemi hili kwa chuki. Nimeishi miaka mingi mjini hapa na jina langu limekwisha kuitwa kila namna. Lakini alikuwa anatufundisha kazi ya kusikiliza. Wa kulisikia jina alikuwa Mwalimu Desmond. Yeye alitoka Grenada, alifundisha kwa mkataba wa muda, na ndiye aliyekuwa msimamizi wetu katika mafunzo ya vitendo. Siku ya kwanza alituuliza majina yetu kwenye ngazi, akashuka nayo akiyarudiarudia kwa sauti, Siwema, Siwema, Losa, Losa, mpaka alipofika chini, kisha akapiga kelele kutoka kule, "Sawa?" Tukamjibu kwa pamoja, "Sawa, Mwalimu!" Hakutukataza kumwita mwalimu. Alikuwa na kawaida ya kula nasi chakula cha mchana kwenye mkahawa wa chini, akichovya mkate kwenye mchuzi wangu bila kuomba, kama ndugu. Tulimpenda. Nataka ijulikane hivyo mapema, maana mtu usiyempenda hawezi kukuudhi miaka yote hii.

Kila Jumatano palikuwa na duara la kujifunua. Kila mwanafunzi alitakiwa kutoa kitu kilichomuumiza maishani, na alitakiwa kukisema kwa neno "mimi". Mtu akisema "sisi", Dokta Carol alimkatiza kwa upole: "Nani huyo sisi?" Wenzetu walitoa: talaka za wazazi, baba mlevi, mbwa aliyekufa. Boksi la tishu likazunguka. Zamu ya Losa ilipofika alikaa kimya, mikono mapajani, macho chini. Dokta akasubiri. Kusubiri kwake kulikuwa kazi, ungeweza kumwona akifanya kazi hiyo. Mwishowe Losa akasema, "Ninayo hadithi. Lakini si yangu peke yangu. Mama yangu yumo, na kaka yangu yumo. Sijawaomba." Dokta akainamisha kichwa pembeni. "Naona unajificha nyuma ya familia yako, Lisa." Losa akainua macho kwa mara ya kwanza. "Hapana, Dokta. Nimesimama mbele yao." Dokta akaandika kitu. Wiki ileile, tukiwa tunatoka darasani, alimshika Losa bega akamwomba aandae nusu saa ya kuwaelezea wenzake utamaduni wa visiwani, na kama inawezekana alete na chakula cha kwao, watu wangefurahi sana. Losa alileta. Watu walifurahi sana. Akija na sinia alikuwa Msamoa. Akija na wazo alikuwa mwanafunzi mzito.

Nilianza kwenda kwao Parkdale karibu kila Jumamosi, baada ya zamu yangu ya kutunza wazee. Waliishi ghorofa ya tatu, yeye na shangazi yake Lupe na kaka yake Ioane, katika nyumba ambayo kipasha joto chake kiligonga kama mtu anayetaka kutoka ndani ya bomba. Chumba kizima kilinukia nazi. Shangazi Lupe alinunua magimbi kwenye duka la Wakaribi mtaa wa pili, na mimi siku ya kwanza nilipoyaona kwenye sufuria nilitaka kulia. "Hata kwenu yapo?" akaniuliza kwa mashaka, kana kwamba nimemwibia. Nikamwonyesha tunavyoyapika kwa tui zito na chumvi. Akaonja, akasema si mabaya ila tumeyaharibu kwa haraka. Tuliketi chini kwenye mkeka, sahani katikati, na shangazi akauliza habari za shule kama anavyouliza habari za vita. "Hao walimu wenu wanakula nini?" Losa akamwambia hatujui. "Hamjawahi kula nao?" "Mmoja tu, shangazi. Yule wa Grenada." Shangazi Lupe akafuta vidole. "Basi hao wengine watawajuaje?" Losa alinieleza siku ile neno lao moja, va: ile nafasi iliyo kati ya mtu na mtu. Alisema kwao nafasi hiyo haihesabiwi kuwa tupu. Inatunzwa kwa heshima, kwa chakula, kwa kujua nani akae wapi na nani aanze kusema. Nilipolisikia nilijiona kama mtu aliyepewa kiti baada ya kusimama muda mrefu. Losa alikuwa amejaribu kuliandika kwenye insha moja. Dokta Carol aliizungushia duara sentensi ile kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: *Inavutia! Lakini wewe unahisi nini?*

Nilikuwa na kero zangu pia. Mafunzo yangu ya vitendo yalikuwa katika kituo cha familia huko Scarborough, na mteja wangu wa kwanza alikuwa Mama Furaha, mkimbizi kutoka Bukavu. Alifika mlangoni na mwanamke mwingine kamshika mkono. "Mama, mi siwezi ingia peke yangu," akaniambia. "Huyu wifi yangu, anajua mambo yote. Nikishindwa kusema, yeye atasema." Nikawaingiza wote wawili. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana watoto, baridi, kanisa wanalosali, na hapo katikati ya habari za kanisa Mama Furaha akaanza kueleza walivyotoka kwao. Wifi yake alipoona sauti imekwama aliendeleza yeye, halafu akamrudishia. Sijapata tena kikao kama kile. Nilitoka nikijua sasa kwa nini nimechagua kazi hii. Tulitakiwa kurekodi vikao kwa video, kwa ridhaa ya mteja, na Mama Furaha alikuwa ameridhia. Dokta Carol aliutazama mkanda wangu darasani, na kwa kuwa hakujua Kiswahili aliutazama kama mtu anayetazama samaki kwenye chupa. "Simamisha hapo. Hapo umecheka. Kwa nini?" Nikasema mama alitania kuhusu theluji. "Simamisha. Muda wote huo mnazungumza nini?" Nikasema tunasalimiana. "Dakika zote hizo?" Wenzangu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. "Na yule mwanamke wa pili ni nani, na anafanya nini kwenye kikao cha mtu mwingine?" Nilieleza. Nilieleza tena. Kiingereza changu kilianza kuvunjika kama kawaida yake nikikasirika. Akaniagiza nitafsiri mkanda wote kwa maandishi, na safari nyingine nimwombe mteja azungumze Kiingereza ili niweze kupewa alama. Mama Furaha alikuwa na Kiingereza cha kununulia mkate.

Katika chumba cha mazoezi kulikuwa na kioo, mnakijua: upande mmoja unajitazama, upande wa pili ni dirisha. Wanafunzi walikaa nyuma ya kioo gizani, na sauti za ndani zilitufikia kwa spika iliyotundikwa ukutani. Mchana mmoja mimi na Losa tulitangulia kuingia huko nyuma kungoja somo. Ndani ya chumba waliingia Dokta Carol na Mwalimu Desmond, wakafunga mlango, hawakujua kipaza sauti kimeachwa wazi. Dokta alijitazama kwenye kioo, yaani alitutazama sisi usoni, akaziweka sawa shanga zake. "Yule Lisa," akasema, "ni mtu mzuri sana. Ana joto. Lakini ndani hakuna kitu cha kushika. Angefaa sana kwenye nyumba za wazee." Mimi ndiye niliyekuwa nafanya kazi nyumba za wazee, nilihisi nimepigwa kofi lililokuwa linapita kwenda kwa mwenzangu. Desmond alikuwa anapanga viti. Hakugeuka. "Mpe muda, Carol," akasema. "Mpe tu muda." Losa aliponitazama gizani nilidhani nitaona machozi. Alikuwa anatabasamu. "Umesikia?" akaninong'oneza. "Ametusemea." Kwa maneno yale machache tuliishi miezi kadhaa. Nikikumbuka sasa naona tulivyokuwa na njaa.

Mteja wa Losa alikuwa binti wa shule ya sekondari, mkazi wa yale maghorofa ya Jane na Finch, aliyelelewa na bibi yake. Kwa wiki nyingi binti alikuja, akakaa, akavuta kofia ya koti mpaka puani, akaondoka. Losa hakumsukuma. Polepole akaanza kusema, na karibu kila alichosema kilimhusu bibi. Mwishoni mwa majira ya baridi bibi akafariki. Binti alimuuliza Losa jambo moja tu: "Utakuja?" Losa hakumjibu palepale. Alikuja chuoni kumtafuta msimamizi wake, nami nilikuwepo, nimesimama naye kwenye ukumbi nimebeba makoti yetu. Nilisikia kwa masikio yangu. Mwalimu Desmond alimsikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu, akasema, "Nenda. Ningekuwa mimi, ningekwenda. Kaa nyuma, usikawie, halafu njoo uniambie ilikuwaje." Losa alikwenda. Alipeleka sinia la tambi na nyama, maana kwao kama kwetu mtu haendi msibani mikono mitupu. Alikaa nyuma. Hakukawia. Na akarudi akamwambia ilikuwaje, na Desmond akamshika mkono.

Kilichomponza ni shukrani. Shangazi wa yule binti alipiga simu chuoni kushukuru, akasema mwanafunzi wenu alitupa moyo, Mungu ambariki, na simu ile ikapokelewa mezani kwa Dokta Carol. Ndani ya wiki Losa akaitwa mbele ya kikao cha walimu. Makosa yalikuwa mawili: amevunja mipaka ya taaluma kwa kwenda msibani kwa mteja, na kwa mwaka mzima hajaonyesha uwezo wa kujifunua. Nilipomsikia akinisomea barua ya wito nilishika kichwa. Kwa mteja alikuwa karibu mno, kwa walimu alikuwa mbali mno. Nikasema afadhali, maana jibu lipo: Mwalimu Desmond alimruhusu, atasema, yamekwisha. "Atasema," Losa akakubali. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Usiku alilala, mimi ndiye niliyekesha.

Siku ya kikao hakuja peke yake. Ioane alivaa suti yake ya kanisani na tai, Shangazi Lupe alivaa kofia nyeupe na alikuwa amejipaka mafuta ya nazi mpaka mikono inang'aa. Dokta Carol alipotoka mlangoni akawaona, uso ulimwiva. "Samahani," akasema, "hili ni jambo la kitaaluma, si la kifamilia. Mwanafunzi anaruhusiwa mwenzake mmoja wa darasani, bila haki ya kuzungumza." Ioane akasimama. Alikuwa mtu mkubwa, lakini alizungumza chini sana. "Mimi ni kaka yake. Dada yangu akishtakiwa, nami nimeshtakiwa. Sitasema neno. Nataka tu awe ananiona." Dokta akasema anaelewa, ila utaratibu ni utaratibu. Neno hilo, naelewa, tulikuwa tumefundishwa jinsi ya kulitumia, somo zima. Basi wale wawili wakakaa kwenye viti vya ukumbini, wameweka mikono magotini, na mimi nikaingia na Losa.

Meza ilikuwa ndefu, na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Mkuu wa idara, mzee mwenye sauti ya uchovu, alikaa katikati, Dokta Carol kulia kwake, na Mwalimu Desmond alikaa mwisho kabisa, karibu na dirisha, anazungusha kalamu. Mkuu hakuwa mkali. Alisoma mashtaka, kisha akauliza swali lililokuwa limebeba kila kitu: "Kabla hujaenda kwenye mazishi hayo, kuna mtu yeyote uliyemtaka ushauri?" Nilimtazama Desmond. Losa hakumtazama, alitazama meza. Kalamu ikasimama. Nje mtu alipita akicheka, lifti ikalia, na Mwalimu Desmond, aliyejifunza majina yetu ngazi baada ya ngazi, aliyechovya mkate kwenye mchuzi wangu, aliitazama ile kalamu kama vile imeandikwa jibu. Mkuu akarudia swali. Losa akasema, "Nilikwenda kwa sababu mtoto aliniomba." Basi hapo nikafungua mdomo. Sijui ningesema nini, haki ya kusema sikuwa nayo, lakini pumzi ilikuwa imekwisha kuingia. Chini ya meza mkono wa Losa ukanikamata goti ukanifinya mpaka nikauma ulimi. Uamuzi ulikuwa kwamba arudie mafunzo tangu mwanzo, mwaka mzima, au aache. Dokta Carol alimsogezea boksi la tishu. Losa akalitazama, akamshukuru, akalirudisha taratibu katikati ya meza.

Nje, chini kabisa kwenye kituo cha basi, nilimlipukia. Kaka yake na shangazi walikuwa wametangulia kidogo. "Kwa nini umenizuia?" "Ni mwalimu wangu, Siwema." "Ndiye aliyekuambia nenda!" "Ndiyo. Nimvue nguo mbele ya wakubwa wake?" "Wewe umevuliwa, Losa! Umevuliwa, na yeye amekaa anatazama!" Akanifunga skafu shingoni, maana koti nilikuwa sijalifunga. "Kazi ya kusema ilikuwa yake," akaniambia. "Nikiifanya mimi, nitakuwa nimemnyang'anya." Nilimwona mpumbavu, nikamwambia hivyo, kwa Kiswahili, ili nisimwumize. Nimetumia miaka mingi kuisoma sentensi ile yake na kuna siku naiona ni hekima na kuna siku naiona ni ujinga mtupu wa watu waliofundishwa adabu kupita kiasi, mimi nikiwa mmojawapo. Kesho yake nilikwenda ofisini kwa Desmond. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikaenda tena, na tena. Kwenye mkahawa wa chini hakuonekana. Mara moja nilimwona kwa mbali ukumbini, naye akageuka akaingia kwenye chumba ambacho nilijua ni stoo ya makaratasi.

Mimi nilimaliza na nikafaulu. Katika tathmini ya mwisho Dokta Carol aliandika kuwa nimepiga hatua nzuri, ila nina hasira ambayo bado sijaishughulikia. Katika mwaka mzima hilo ndilo jambo langu alilolisoma sawasawa. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemmaliza zamani. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba hakuna ngazi katika chumba kile, na ilitosha yeye kuamini. Nimekuwa mnasihi hapa mjini tangu wakati ule, na Mama Furaha na wifi yake waliendelea kuja kwangu, wote wawili, mpaka walipohamia mji mwingine. Losa hakukubali kurudia mwaka. Aliamua kwenda Auckland, waliko ndugu zake wengi, akaanza masomo upya huko, chini ya walimu ambao baadhi yao ni watu wa visiwani kama yeye. Aliniambia huko nako walimu wengine hawakumsikia, hakutaka kuniongopea. Lakini walikuwepo wa kutosha waliomsikia. Leo yeye ndiye anayesimamia wanafunzi.

Jumapili kabla ya kuondoka kwake Shangazi Lupe alipika chakula cha kuaga. Ilikuwa baada ya ibada, jua la mwanzo wa kiangazi limejaa chumbani, madirisha wazi. Palikuwa na magimbi, majani yake yaliyofungiwa nyama ya kopo na tui, kuku, wali, na tambi. Tulikuwa hatujaanza, Ioane anajiandaa kusali, mlango ukagongwa. Alikuwa Mwalimu Desmond. Amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, ameshika keki kwenye kibweta cha plastiki. Mimi nilisimama, nilidhani nasimama ili nimfungie mlango. Shangazi Lupe alinipita, akamshika mikono yote miwili, akamkaribisha, akamkalisha kwenye kiti cha pekee chenye mito, mahali pa mgeni wa heshima, akaanza kumpakulia kabla ya mtu mwingine yeyote. Kipande kikubwa cha kuku. Gimbi la katikati ya sufuria, lile laini. Nilimtazama Losa kwa macho ya kumuuliza kama ana akili timamu. "Mwache ale," akaniambia kwa sauti ndogo. Ioane akasali, sala ndefu ya Kisamoa, na ndani yake nikasikia jina la Desmond likitajwa kwa heshima.

Hakula. Alishika sahani mapajani, akaitazama kama alivyoitazama ile kalamu. Shangazi akamuuliza kama chakula hakimpendezi. "Mama," akasema, na ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia sauti ikimpotea, "kabla sijala kuna jambo lazima mlijue. Mimi ndiye niliyemwambia Losa aende kwenye yale mazishi. Aliniuliza, nikamwambia nenda. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha. Nikajiambia nikibaki nitawasaidia watakaokuja." Akaigeuza sahani. "Na hawakuuongeza." Mimi nilikuwa nimengoja maneno yale tangu siku ya kikao, nimeyaandaa majibu yake kitandani, kwenye basi, kazini, na hatimaye yalikuwa yamekuja.

Shangazi Lupe alikuwa anafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Tunajua," akasema.

"Mnajua?"

"Alituambia siku ileile aliyokuuliza. Tulifurahi. Tukasema amepata mwalimu."

Desmond akamtazama Ioane, kisha Losa, kisha mimi, kana kwamba mmoja wetu angemsaidia. "Basi siku ile mlikuwa mmekaa pale nje mnajua," akasema. "Kwa nini hamkusema? Hata mlipowaona walimu wanatoka?"

Shangazi akainuka, akachukua sahani ile iliyopoa, akampakulia nyingine ya moto, akamwekea mikononi.

"Tulikuwa tunakungoja wewe," akamwambia.